Mlinzi Hali Uyoga

Kilichomkosesha Inspekta raha kilikuwa kitambaa. Maiti alishaziona nyingi mno kumtisha, na ule uyoga mkavu uliolowekwa ndani ya chupa ya asali ulikuwa umeshapelekwa maabara na kurudi na majibu yake. Lakini kitambaa hiki kidogo cheupe, kilichokunjwa vizuri na kuwekwa juu ya paji la uso la Profesa, kilikataa kukaa sawa kichwani mwake. Sajenti alipokigusa alasiri ile, kilikuwa bado kinachuruzika maji. Na Profesa mwenyewe alikuwa ameshakakamaa.

Kituoni Inspekta huyo walimwita Bi Taratibu, kwa mzaha uliochanganyika na heshima, kwa sababu hakuna jalada lililowahi kutoka mezani kwake kabla halijaiva. Sajenti yeye mambo yake yote yalikuwa chapuchapu. Siku ya pili tu alishaamua kuwa mke ndiye aliyeua, na tangu hapo alikuwa akimfuata bosi wake huku na huku kama mtu anayesubiri chakula kipakuliwe.

"Moyo," alisema daktari wa maiti, akivua glavu. "Mshipa mmoja ulikuwa umeziba siku nyingi. Uyoga haukumtia sumu. Ulichofanya ni kumkimbiza moyo ambao haukuwa tena wa kukimbia."

"Alikufa wakati gani?"

"Kabla ya adhuhuri. Hilo nitalisema hata mbele ya hakimu."

"Na kama angefikishwa hospitali?"

Daktari alifikiri. "Pengine angepona. Pengine. Zaidi ya hapo usinisukume."

"Na kitambaa chenye maji, dirisha wazi, jua kali kama la siku ile, kinakauka baada ya muda gani?"

Daktari akaangua kicheko. "Inspekta, hapa napima maini, sianiki nguo. Lakini saa moja ikizidi, kimeshakauka."

Walipotoka nje Sajenti hakuweza kujizuia tena. "Basi kuna mtu alikilowesha alasiri, afande. Na mtu mwenyewe tunamjua."

Kumjua walimjua. Mjane wa Profesa alikuwa ameandikisha maelezo kwamba alishinda kwa dada yake tangu asubuhi. Dada mtu alikubali haraka haraka, tena kwa kiapo, mpaka walipoulizwa kila mmoja peke yake walikula nini. Mmoja alisema walikula wakashiba, mwingine akasema walikunywa chai tu kwa sababu hakuna aliyekuwa na njaa. Inspekta hakuwasuta. Alifunga jalada akawaacha wafikiri kuwa wamefaulu.

Aliyewaita polisi alikuwa binti wa marehemu na mjane, nesi wa wodi ya wazazi, aliyepita nyumbani akitoka kazini. Alimkuta baba yake amelala kwenye godoro sakafuni mwa chumba cha kusomea, na mama yake yuko jikoni anaosha kikombe kilichokuwa safi tayari. Maelezo ya binti huyo ndiyo yaliyokuwa yakimchoma Inspekta kila alipoyakumbuka. "Baba hali uyoga mama asipokuwepo," alisema. "Tangu niko mdogo, yeye analala pale, mama anakaa pembeni yake, sisi tunaambiwa tukacheze nje. Kama mama alikuwepo na hakuita gari la wagonjwa, basi amemwua. Mimi mwenyewe nitasimama kizimbani niseme." Kisha, alipokuwa anaondoka, akaongeza kitu kingine, kama mtu anayemalizia kuhesabu vifaa vya wodi. Mboni za macho ya mama yake zilikuwa zimepanuka kupita kiasi. Alidhani ni hofu.

Kabla ya kumrudia mjane, Inspekta alitaka kumwona Mhadhiri. Huyu alifundisha idara moja na marehemu, na wiki ya mwisho ya uhai wa Profesa walikabana kwa maneno mbele ya ukumbi mzima. Sajenti aliwahi kumweka kwenye orodha yake kwa muda wa asubuhi moja, mpaka ilipobainika kuwa siku ya kifo alishinda akisimamia mtihani, na wanafunzi waliokuwa wanamchukia wote walimshuhudia.

Ofisi yake ilijaa mafuvu ya plasta, yamepangwa kwenye rafu kuanzia dogo hadi kubwa. Sajenti alichagua kiti kilichoyapa kisogo.

"Mligombana," alisema Inspekta.

"Tulijadiliana."

"Nasikia kuna kiti kilianguka."

"Kilianguka chenyewe, alipokuwa anasimama kwa hasira." Mhadhiri alijifuta jasho shingoni. "Inspekta, nilimpenda yule mzee. Alikuwa anakosea kwa namna ya kupendeza."

"Nieleze alikuwa anasema nini. Nieleze kama unavyowaeleza watoto wa mwaka wa kwanza."

Hapo Mhadhiri akatulia, maana alikuwa amerudi kwenye kazi yake. "Alisema wahenga wetu wa kale kabisa, walipotoka msituni, walifuata makundi ya wanyama mbugani. Walikula chochote walichokikuta, pamoja na uyoga ulioota kwenye kinyesi. Uyoga wa aina ile unalegeza kuta za kichwa. Mtu anamtazama mwenzake, na kwa mara ya kwanza anang'amua kwamba mle ndani mna mtu. Kwamba mwenzake naye anawaza, anaogopa, anataka. Kwa Profesa, ubinadamu ulianzia hapo."

"Nasikia na mambo ya kitandani yamo."

Mhadhiri alirekebisha miwani. "Hiyo ilikuwa sehemu ya mkewe. Yeye ni bingwa wa nyani, na usidhani alikuwa anamsaidia mumewe kubeba mikoba; nusu ya nadharia ni yake. Nyani jike siku zake zikifika, makalio yanavimba yanakuwa mekundu, na kila dume linajua. Binadamu hana tangazo kama hilo. Mwanamke mwenyewe mara nyingi hajui. Kwa hiyo mwanamume hawezi kuja siku moja, akamaliza haja yake, akaenda zake. Inambidi akae. Abembeleze. Akisie mwenzake anawaza nini, na mwenzake naye amkisie yeye. Mke alisema akili yetu ilikulia kitandani, katika kukisiana huko. Mume akasema uyoga ndio uliofungua mlango, na kitanda kikauzuia usijifunge tena."

Sajenti alikohoa, akatazama dari. Bahati mbaya huko juu nako kulikuwa na mchoro wa nyani.

"Na wewe hukubali," alisema Inspekta.

"Nikubali kwa ushahidi gani?" Alinyanyua fuvu moja akaliweka mezani kati yao. "Hili linaniambia ubongo ulikuwa na ukubwa gani. Haliniambii mwenyewe alikula nini, alilala na nani, wala alipoamka alimtazamaje mwenzake. Ni hadithi tamu. Inawezekana ni kweli, na inawezekana si kweli hata kidogo."

Inspekta alilipenda jibu hilo. Yeye mwenyewe alizitazama kesi zake hivyo hivyo, na wakubwa wake hawakumpenda kwa sababu hiyo. "Sasa ulimwuliza swali gani mpaka kiti kikaanguka?"

"Nilimwuliza hivi: Profesa, nadharia yako inataka wawili. Mbona wewe mwenyewe miaka yote unakwenda peke yako? Akasema lazima abaki mmoja mwenye akili timamu, wa kumwangalia mwenzake. Mlinzi hali uyoga, akasema, ndiyo sheria ya kwanza. Nikamwuliza kama amewahi hata mara moja kubadilishana zamu na mlinzi wake. Watu wakacheka. Yeye hakucheka."

"Na mlinzi alikuwa wapi?"

"Safu ya mbele, anajipepea kwa karatasi." Alilirudisha fuvu mahali pake, akalinyoosha vizuri. "Profesa alipoulizwa hilo swali, mkewe aliacha kujipepea."

Garini Sajenti alikuwa anachekelea. "Umeona, afande? Sababu tumeipata. Mama alidhalilishwa mbele ya watu, akaweka kinyongo, mzee alipozidiwa akamtazama tu. Kuua kwa kukusudia. Mimi nimeshaandika nusu."

"Kisha akamlowesha paji la uso mchana kutwa?"

Sajenti akawasha gari.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na feni iliyozunguka ikipenda. Mjane aliingia wima, mama mrefu mkavu, amevaa blauzi ya mikono mirefu ingawa joto lilikuwa la kuvua viatu. Inspekta alimsomea onyo lake: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na huenda likatumika mahakamani.

"Nimeelewa," alisema mama. "Hata mimi niliwahi kuwaonya wanafunzi wangu hivyo kabla ya mtihani."

"Mama, habari za kwa dada yako tuziache. Nataka kujua habari ya kitambaa."

Mama alitazama mikono yake. Feni ilizunguka, ikasita, ikaendelea.

"Nilikuwepo," alisema mama hatimaye. "Andika. Nilikuwepo, nikiwa na akili zangu timamu. Nilimwona akifa, na sikuita mtu."

Kalamu ya Sajenti iliruka.

"Kwa nini hukuita?"

"Nilikuwa nimemchoka. Wanawake wengi wanawachoka waume zao, na mimi nilipata nafasi."

Alilisema hilo bila kigugumizi, kama aliyelifanyia mazoezi. Inspekta alilipokea kama lilivyo, akaliweka pembeni. "Alisema chochote?"

Kwa mara ya kwanza uso wa mama ulifunguka. Hata mgongo wake ulilegea kidogo. "Alisema mengi. Tulizungumza mchana kutwa. Habari za mtoto wetu wa kwanza aliyefariki, ambaye yeye alikuwa hamtaji kabisa. Habari za siku tulipokutana. Aliniambia alikuwa ananiogopa. Unaweza kuamini? Bwana yule, ananiogopa mimi!" Alicheka, na kicheko kikamponyoka kikawa kitu kingine. "Maisha yetu yote hatukuwahi kuzungumza vile."

"Mchana kutwa," alirudia Inspekta.

"Mpaka jua likageukia upande wa kabati la vitabu."

"Mama, alikufa kabla ya adhuhuri."

"Daktari hakuwepo mle ndani."

"Hakuwepo. Lakini mwenye akili timamu akikaa na maiti anajua kuwa ni maiti. Akitaka afe, anaondoka. Asipotaka afe, anapiga kelele. Hakai akamlowesha paji la uso mpaka alasiri, akizungumza naye. Na binti yako aliona mboni zako zimepanuka, akadhani ni hofu; uyoga huu nao huzipanua." Inspekta aliongea kwa upole, lakini hakurudi nyuma hata hatua. "Ulikula uyoga, mama."

"Sikula."

"Ulikula."

"Mlinzi hali." Mama alishika ukingo wa meza. "Nisikilize, mwanangu. Nifunge. Niandikie kosa lolote unalotaka, hata hilo kubwa ambalo huyu kijana wako ameshaliandaa. Sitabisha mahakamani. Ila uandike kwamba sikula. Nakuomba."

Sajenti aliiweka kalamu chini. Alishawaona watu wakilia wasifungwe, wakizimia wasifungwe, mmoja hata alijifanya bubu. Hakuwahi kumwona anayebembeleza afungwe.

Inspekta alikaa akimtazama mama yule, na huruma ikamshika bila kumwomba ruhusa. Alikuwa ameona sasa. "Ikiwa ulikula," alisema polepole, "yale mazungumzo yote yalikuwa yako peke yako."

Mama alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye vidole.

Alipoweza kusema tena, alisema yote. Swali la Mhadhiri lilimfuata mpaka nyumbani. Miaka yote alikuwa ameketi pembeni ya godoro lile, akimfuta jasho mtu anayetabasamu kwa vitu ambavyo yeye havioni, na mumewe akirudi kutoka huko anaandika kitabu kuhusu wawili. Kila mara alipoomba naye aende, jibu lilikuwa lile lile, kwamba hakuna anayelinda kama yeye. Siku ile alilamba vijiko vyake viwili vya asali jikoni kabla hajamletea mumewe kikombe, akaketi mahali pake pa kila siku, asiseme kitu.

"Nilitaka kujua anakwendaga wapi," alisema. "Basi. Sikutaka kumwua mtu. Nilitaka nimfuate mume wangu."

"Alijua?"

"Alinitazama machoni, akajua. Akanishika mkono, akasema: mbona umechelewa kuja?" Mama alijifuta kwa mkono wa blauzi. "Hayo mengine yote yachukue. Ya mtoto, ya kuniogopa, yawe ya uyoga, sawa. Hilo moja niachie. Niandike kwamba nilikuwa mzima nilipolisikia."

"Alikushika wapi?"

Mama akafungua kifungo, akapandisha mkono wa blauzi. Juu kidogo ya kiwiko cha mkono kulikuwa na madoa manne yaliyoanza kugeuka manjano, na la tano, pana zaidi, upande wa pili. Sajenti aliinama kwa bosi wake. "Walipigana," alinong'ona.

"Hapana." Inspekta aliusogeza mkono ule kwenye mwanga, kwa uangalifu, akauzungushia vidole vyake bila kuugusa; vilikuwa vifupi mno kufikia madoa. "Mama, sikiliza. Ngozi haivii damu namna hii kwa kuota ndoto. Na mkono wa marehemu haubani. Aliyekushika hapa alikuwa hai, na alikushika kwa nguvu zake zote. Maneno siwezi kuyaapia. Mkono naweza. Mkono ni wa kwake, na nitaandika hivyo, hata nikiandika kwamba ulikula."

Furaha ilimjaa mama usoni mpaka akaonekana msichana. Aliutazama mkono wake, akayapapasa madoa yale moja moja. Inspekta alitamani aishie hapo. Alitamani mtu agonge mlango, simu ilie, feni ianguke, mama yule asipate muda wa kufikiri.

Lakini mama alikuwa mtu wa kufikiri, tena wa kufikiri kuhusu mikono, macho na vishindo vya viumbe. Ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Hakuwahi kunishika kwa nguvu hivi," alisema.

Inspekta aliegemea kiti.

"Hata siku tulipomzika mtoto." Kidole chake kilisimama juu ya doa la kidole gumba. "Mtu moyo ukimziba, anashika chochote kilicho karibu."

"Hatujui, mama," alisema Inspekta. "Inawezekana yalikuwa mapenzi."

"Inawezekana." Sauti yake ilikuwa kavu sasa, sauti ya darasani. "Na inawezekana alikuwa ananiomba nimsaidie. Mbona umechelewa, anasema, na mimi niko pale pale. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, tulia, nimeshafika."

Sajenti alisimama akaenda kuizima feni, ingawa joto lilikuwa lile lile. Alibaki amesimama huko, amewageuzia mgongo.

Mama alishusha mkono wa blauzi, akafunga kifungo. Kilimshinda mara ya kwanza, akakifunga mara ya pili. Alivuta karatasi mpya ya maelezo upande wake, akaitazama, akairudisha kwa Inspekta.

"Andika kwamba nilikula," alisema. "Lakini kabla hujaandika, mwite mwanangu. Haya atayasikia kwangu."

Inspekta alikwenda mlangoni mwenyewe. Nesi alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, bado na sare ya kazini, na alisimama hata kabla hajaitwa.